Kuibiwa, kubebwa na milimita: tunapomlaumu refa, tunalaumu nini hasa?

Kwenye simu yangu kuna picha ambayo sijaifuta tangu Aprili 5, 2024. Niliipiga kutoka kwenye skrini ya kibanda umiza, kwa hiyo ina ukungu, na kwenye kona moja kuna kisogo cha mtu aliyesimama mbele yangu. Lakini kinachotakiwa kinaonekana. Aziz Ki ameachia shuti, mpira umegonga mtambaa panya kwa chini na unadunda nyuma ya Ronwen Williams, kipa wa Mamelodi Sundowns, pale Loftus Versfeld, Pretoria. Kwa macho yangu ya Yanga, mpira uko ndani. Kibanda kizima kiliuona uko ndani. Refa Dahane Beida wa Mauritania akasikiliza alichoambiwa sikioni, kisha akaashiria mchezo uendelee. Dar tulikuwa tumetoka 0-0, Pretoria nako ikaisha 0-0, tukatolewa kwa penalti 3-2 kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

"Tumeibiwa," tukasema. (Zile penalti tatu tulizokosa wenyewe hakuna aliyezitaja usiku ule.) Jirani yangu, Simba kindakindaki, ambaye alikuja kututazama sisi wala si mpira, akajibu palepale: "Mmezoea kubebwa hapa nyumbani. Huko nje hakuna mbeleko."

Kuibiwa na kubebwa: hayo mawili ndiyo kamusi nzima ya shabiki wa Tanzania linapokuja suala la waamuzi. Refa akituumiza, tumeibiwa. Akimfaa mtani, mtani kabebwa. Ni maneno matamu, na mimi mwenyewe nayatumia kila wiki. Ila humo ndani tumesokomeza mambo yasiyofanana hata kidogo: kuna jicho lisiloweza kuona, kuna refa anayeogopa, kuna refa aliyenunuliwa, na kuna mambo ya kanuni na ofisi ambayo refa hakuyatunga wala hayamhusu. Tunayapigia kelele yote kwa sauti moja, halafu tunashangaa VAR, yule mwamuzi msaidizi wa video, imekuja na kelele ziko palepale.

Nianze na jicho, maana ndilo tusilotaka kulisamehe.

Sheria ya 10 ya soka inasema goli linakuwa goli pale mpira wote unapouvuka mstari wote. Mpira wa kawaida una kipenyo cha sentimita 22 hivi, na mstari wa goli hauruhusiwi kuzidi upana wa sentimita 12. Sasa kuna hesabu ndogo ambayo siku ile ya Pretoria sikuifanya. Mpira unapodunda, kinachogusa nyasi ni ncha ya chini ya tumbo lake tu. Ubavu wake, kama sentimita 11, unabaki umening'inia hewani kuelekea mstarini. Kwa hiyo mpira unaweza kudunda kwenye nyasi tupu, sentimita nane nyuma ya chokaa, na bado lisiwe goli, kwa sababu ubavu uko juu ya mstari. Dunia nzima iliona kitu cha namna hiyo Desemba 1, 2022 huko Qatar, kwenye mstari wa nyuma wa uwanja, pale Kaoru Mitoma wa Japan alipourudisha mpira uliomaliziwa na Ao Tanaka dhidi ya Hispania. Picha za pembeni zilionyesha kijani kitupu kati ya mpira na mstari. Picha ya juu ikaonyesha mpira haujatoka, umebakiza milimita tu. Goli likahesabiwa, Japan wakashinda 2-1, Ujerumani wakafungasha virago bila hata kuwa uwanjani hapo.

Pembe ya kamera ndiyo inayotupiga chenga. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho la kulia, kisha fumbua hilo ufumbe la kushoto. Kidole kimehama, na hakijahama. Kamera ya matangazo isiyokaa sawasawa na mstari wa goli inafanya hivyo hivyo, na kadiri mpira unavyokuwa juu ya ardhi ndivyo uongo unavyozidi. Mshika kibendera naye hana nafuu. Kazi yake inamtaka awe sambamba na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayozuia, ili aone kuotea. Shuti la mbali likipigwa, linamkuta mita kadhaa kutoka mstari wa goli, anachungulia kwa mshazari kama sisi tu wa kwenye kibanda.

Mgogoro huu ni wa zamani kuliko wengi wetu. Wembley mwaka 1966, kwenye fainali ya Kombe la Dunia, shuti la Geoff Hurst liligonga mtambaa panya likadunda chini, na mshika kibendera Tofiq Bahramov wa Azerbaijan, wakati huo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, akasema ni goli. Wajerumani bado hawajalikubali. Baku kuna uwanja wenye jina lake. Miaka 44 baadaye, Bloemfontein, zamu ikawa ya Waingereza: mpira wa Frank Lampard uliivuka ile chokaa waziwazi dhidi ya Ujerumani na hakuna mwamuzi aliyeuona. Hiyo ndiyo iliyowalegeza wakubwa wa soka. Mwaka 2012 teknolojia ya mstari wa goli ikaruhusiwa, na Kombe la Dunia la 2014 likaitumia: kamera saba kwa kila goli, na saa mkononi mwa refa inamjulisha ndani ya sekunde moja. Hakuna ubishi, hakuna kuombwa marudio. Ila ni ghali, na Pretoria haikuwepo. Kilichokuwepo ni VAR, na VAR ni kitu kingine kabisa.

Hapa ndipo wengi tunapopotea. VAR si refa wa pili anayechezesha mechi upya kutoka chumbani. Ifikirie kama mahakama ya rufaa. Ilipoingizwa rasmi kwenye sheria za soka mwaka 2018 ilipewa mambo manne tu: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi aliyopewa mtu asiyehusika. Hata kwenye hayo manne, inaingilia pale tu kosa linapokuwa la wazi na dhahiri, au tukio zito limempita refa. Picha zisipothibitisha, uamuzi wa uwanjani unabaki. Sasa uamuzi wa kwanza Pretoria ulikuwa upi? Mchezo uendelee. Maana yake mzigo wa ushahidi ulikuwa mabegani mwetu, na tulichokuwa nacho ni picha za mshazari.

Kinachoninyima usingizi si kwamba Beida alikosea. Ni kwamba, laiti angelikubali lile goli kwanza, picha zile zile huenda zisingetosha kulikataa. Mpira ule ule, kamera zile zile, na jibu linategemea nani alisema nini katika sekunde ya kwanza. Shabiki anaona hapo ujanja. Mwanasheria yeyote angekuambia ndivyo rufaa zinavyokwenda.

Kuotea kuna tatizo la ndugu yake. Kamera ya kawaida inapiga picha 50 kwa sekunde. Mshambuliaji anayekimbia mita nane kwa sekunde anasogea sentimita 16 kati ya picha moja na nyingine, na beki akiwa anakimbilia upande wa pili, pengo kati yao linabadilika kwa sentimita 30 na ushee. Kabla ya kuchora mistari lazima mtu achague picha ambayo mpira umetoka mguuni mwa mpigaji. Akichagua moja, mtu yuko sahihi; akichagua ya pili yake, ameotea. Ndiyo maana kwenye Kombe la Dunia la 2022 waliweka kifaa ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, pamoja na kamera 12 za kufuatilia miili ya wachezaji. Kwetu bado tunakwenda na mistari ya kuchorwa.

Nakumbuka Mei 25, 2025, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane pale Amaan, Zanzibar. Simba walikuwa wamefungwa 2-0 Morocco na walikuwa wanapindua meza. Steven Mukwala akafunga, kisiwa kikalipuka, VAR ikalifuta kwa kuotea. Mimi niliiona ile kuotea kabla hata mistari haijachorwa. Naapa niliiona. Jirani yangu akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema neno ambalo Aprili ya mwaka uliotangulia alikuwa amenicheka nalo: "Tumeibiwa."

Hilo linanipeleka kwenye jambo la pili, la refa anayeogopa. Hapa simaanishi woga wa kukimbia. Namaanisha sauti ya watu inavyoingia kichwani mwa mtu bila yeye kujua. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio lao: waliwaonyesha waamuzi 40 video moja ya mechi ya Liverpool na Leicester pale Anfield. Baadhi yao waliitazama na kelele za mashabiki, wengine kimyakimya. Waliosikia kelele waliihesabia timu mwenyeji makosa machache zaidi, kwa kama asilimia 15. Walikuwa kwenye viti, hawana kipenga, hakuna mtu wa kuwatukana njiani wakirudi nyumbani, na bado kelele iliwainamisha. Korona ilipofunga viwanja mwaka 2020, Ulaya nzima ikageuka maabara: pasipo mashabiki, lile pengo la kadi lililokuwa likiwaumiza wageni likapungua.

Sasa mlete huyo refa Kwa Mkapa. Wengi wa waamuzi wetu wana kazi nyingine za kuwapa ugali. Kipenga ni cha mwisho wa wiki. Anakaa mtaani na sisi, anapanda daladala na sisi, watoto wake wanasoma na watoto wetu. Mnamo Oktoba 1, 2016, Yanga na Simba, Amissi Tambwe alifunga goli ambalo Simba walilalamika kwamba aliunawa mpira kwanza. (Mimi wakati ule nilisema kifua. Leo nikiitazama tena nasema, mh.) Jonas Mkude akala kadi nyekundu kwenye vurugu za kulalamika, viti vya uwanja vikang'olewa, Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja. Mechi ikaisha 1-1 kwa kona ya Shiza Kichuya. Ile kadi ya Mkude ilikuja kufutwa baadaye. Refa wa mechi inayofuata, hata awe mtakatifu, anaingia uwanjani na viti vile kichwani.

Halafu tunalalamika kwamba derby waamuzi wanaogopa kutoa penalti. Wanaogopa nini tena!

Ndiyo maana mechi ya watani ya Juni 25, 2025, ile ambayo Yanga tulishinda 2-0, ilichezeshwa na refa kutoka Misri. Wako waliosema ni kuwadharau waamuzi wetu. Mimi nadhani ilikuwa akili, lakini akili ya kuzima moto, kwa sababu refa mgeni anaondoa kitu kimoja tu: kwamba kesho hatakutana nasi sokoni. Jicho lake lina mipaka ile ile.

Rushwa je? Ipo, na ushahidi wake uko wazi. Novemba 12, 2016, Afrika Kusini walipewa penalti dhidi ya Senegal kwa kunawa, wakati mpira ulikuwa umegonga goti la Kalidou Koulibaly. Refa Joseph Lamptey wa Ghana akafungiwa maisha na FIFA, mechi ikarudiwa mwaka mmoja baadaye, Senegal wakashinda na kwenda Urusi. Kwa jirani zetu Kenya, mshika kibendera Aden Marwa aliondolewa kwenye orodha ya Kombe la Dunia la 2018 baada ya kunaswa na kamera ya siri ya mwanahabari Anas Aremeyaw Anas akipokea dola 600, kisha CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikamfungia maisha.

Lakini tazama walivyonaswa. Marwa alinaswa na kamera ya siri, wala si ya uwanjani. Na kwa Lamptey, lililoipa kesi uzito lilikuwa mwenendo wa dau kwenye masoko ya kubeti, fedha zilizokuwa zikielekea upande mmoja kabla ya ile penalti. Goti lililoitwa mkono lingeweza kuwa kosa la macho kama mengine. Dau ndilo lililosema si kosa. Rushwa haionekani kwenye marudio. Unaweza kuirudisha ile video mara mia, polepole, ukaisimamisha, na utakachokiona ni uamuzi mbaya tu, ambao unafanana sura na uamuzi mbaya wa mtu mwaminifu. Januari 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la Cameroon, Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali kabla ya dakika 90, mara mbili. Kule mtaani tuliapa kanunuliwa. Alikuwa amezidiwa na joto la Limbe, angeweza kufa.

Kwa hiyo mtu anaponitumia klipu ya sekunde kumi na kuandika "hii ni rushwa ya mchana kweupe", huwa namuuliza tu dau liko wapi. Hapendi.

Kuna jingine ambalo halipati nafasi kwenye mabishano yetu, nalo ni wakati wa kupuliza kipenga. Fainali ya AFCON pale Rabat, Januari 18, 2026, Senegal na Morocco, refa ni Jean-Jacques Ndala wa Kongo. Dakika za nyongeza Senegal wakatia mpira wavuni, lakini kipenga kilikuwa kimeshalia kwa madai ya faulo kwa Achraf Hakimi. Kipenga kikilia kabla mpira haujavuka mstari, mchezo umekufa, na VAR haina goli la kukagua. Dakika chache baadaye VAR ileile ikamwita Ndala kwenye skrini, Morocco wakapewa penalti. Senegal wakatoka uwanjani, wakarudishwa kwa shida, Brahim Diaz akaipiga penalti laini mikononi mwa Edouard Mendy, Pape Gueye akafunga kwenye muda wa ziada. Yaliyoendelea mezani siyagusi hapa. Ninachotaka uone ni kwamba tukio la kwanza lilizuiwa kukaguliwa na sekunde moja ya haraka ya kipenga. Ndiyo maana waamuzi hufundishwa kuchelewesha. Kwa Msenegali aliyekuwa akiangalia, hayo yote yalikuwa na jina moja tu.

Wiki mbili kabla, uwanja uleule wa Rabat, ilikuwa zamu yetu. Taifa Stars, walioingia hatua ya mtoano ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yao, wakiwa na pointi mbili mfukoni, walifungwa 1-0 na Morocco, na mwishoni kabisa tukalilia penalti. Refa hakuitwa kwenye skrini. Pengine chumbani waliitazama wakaona haifikii kiwango cha kosa la wazi. Pengine hawakuitazama vizuri. Hatujui, kwa sababu hatukusikia walichosemezana.

Na hilo, kwangu mimi, ndilo donda lenyewe. Septemba 30, 2023, Luis Diaz wa Liverpool alifunga goli halali dhidi ya Tottenham, likakataliwa kwa kuotea. Chama cha waamuzi wa Uingereza kikatoa sauti za chumbani siku chache baadaye. Zilikuwa za aibu: aliyekuwa kwenye VAR alidhani uwanjani goli limekubaliwa, akasema ukaguzi umekamilika, na alipogundua, mchezo ulikuwa umeshaendelea. Watu wa Liverpool walikasirika, tena sana. Lakini walijua wamekasirikia nini. Ni watu wawili kutosikilizana, kitu ambacho unaweza kukitengenezea utaratibu wa kuongea.

Sisi tunapata nini? Kamati ya Saa 72, ile inayopitia matukio ya mechi za ligi, inakaa, inatoka taarifa kwamba mwamuzi fulani ameondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko kadhaa "kwa kushindwa kutafsiri vema sheria za mpira wa miguu". Sheria ipi? Alisimama wapi, aliona nini, alitakiwa aone nini? Haisemwi. Taarifa ya namna hiyo inamwambia mtani aliyeumia kwamba kweli aliibiwa, na inamwambia aliyefaidika kwamba refa ametolewa kafara. Wote wawili wanarudi mtaani na imani waliyotoka nayo. Kabla ya kununua mitambo, dakika tano za mkuu wa waamuzi mbele ya video kila Jumatatu zingetufaa zaidi, na hazilipiwi kodi.

Na zipo dhuluma ambazo hakuna refa anayeweza kuzitibu wala kuzisababisha. Machi 8, 2025 derby haikuchezwa kabisa. Simba walisema usiku wa kuamkia mechi walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, haki ambayo kanuni inampa mgeni. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga tukapeleka timu uwanjani tukidai pointi tatu. Miezi mitatu ya barua. Kipenga hakikulia hata mara moja, na bado tuliishia kwenye neno lile lile.

Majuzi jirani yangu aliniomba nimwonyeshe ile picha ya Pretoria. Sijui kilichompata. Akaikuza kwa vidole viwili mpaka mpira ukawa miraba ya rangi, akaitazama, akauliza: "Hii kamera ilikuwa imekaa wapi?" Miaka yote sikuwahi kujiuliza. Sikuwa na jibu. Akanirudishia simu, akatoa ya kwake, akanifungulia Mukwala na mistari yake ya Amaan. "Na hii," akasema, "nani alichagua kwamba hapa ndipo mpira umetoka mguuni?"